Zana, Lugha na Ajira: Historia ya Mashaka ya Wanafunzi wa Sheria nchini Tanzania, 1961–2024

1.0 Utangulizi

Insha hii inachunguza namna mabadiliko ya zana za kazi yalivyogusa mafunzo na matarajio ya ajira ya wanafunzi wa sheria nchini Tanzania tangu mwaka 1961. Katika mijadala ya sasa, teknolojia huelezwa kana kwamba ilizuka pamoja na akili unde, na mwanafunzi huonekana kama mtu aliyekumbwa na mafuriko usingizini. Mtazamo huo unaficha historia. Kila kizazi cha wanafunzi wa sheria kilikuta lango lake jembamba mbele ya taaluma, na kila zana mpya iliahidi kulipanua. Hoja ya insha hii ni kwamba zana hizo hazikuliondoa lango bali zililihamisha: kutoka kwenye nafasi ya chuo, kwenda kwenye upatikanaji wa hukumu, kisha kwenye mafunzo ya vitendo, na sasa kwenye kazi ndogondogo ambazo chipukizi alizitumia kujifunza.

2.0 Uhaba wa Wanasheria na Uhaba wa Hukumu

Kitivo cha Sheria ndicho kilichokuwa cha kwanza kufunguliwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kabla ya chuo kuhamia Mlimani. Wakati wa uhuru mawakili wengi wa Tanganyika walikuwa Wazungu na Waasia, hivyo serikali mpya ilihitaji wanasheria Waafrika kwa haraka. Katika miaka hiyo mhitimu hakuitafuta kazi. Kazi ndiyo iliyomtafuta. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, dola na mashirika ya umma yaliendelea kuwa waajiri wakuu, na mashaka ya mwanafunzi yalihusu zaidi atapangiwa wapi kuliko iwapo ataajiriwa.

Kilichokosekana ni hukumu zilizochapishwa. Mfumo wa sheria uliorithiwa kutoka Uingereza unamtaka mwanasheria ajue mahakama iliamua nini katika mashauri yaliyotangulia. Hata hivyo, hukumu nyingi zilibaki kwenye majalada ya masjala, zikiwa zimepigwa taipu kwa nakala chache. Kitivo chenyewe kililazimika kuingia kazini: kuanzia mwaka 1967 kilitayarisha muhtasari wa hukumu za Mahakama Kuu, na mwaka 1968 jarida la sheria la Afrika Mashariki lilianza kutolewa hapo chuoni. Ujuzi wa wakati huo ulipimwa kwa kumbukumbu. Wakili aliyeheshimika ni yule aliyeijua hukumu isiyochapishwa na aliyekuwa na nakala yake kabatini. Chipukizi alipata elimu hiyo kwa kukaa karibu na mwenye kabati.

3.0 Kompyuta Mbele ya Mahakama

Swali la kompyuta liliingia mahakamani kwa mlango wa ushahidi. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 iliandikwa kwa kuzingatia karatasi, saini na vitabu vya benki vilivyojazwa kwa mkono. Katika shauri la biashara namba 4 la mwaka 2000, kati ya Trust Bank na Le-Marsh Enterprises, Jaji Nsekela wa Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu aliamua kwamba kumbukumbu za benki zilizohifadhiwa katika kompyuta zingeweza kupokelewa. Bunge lilifuata kwa kurekebisha sheria hiyo mwaka 2007, na mwaka 2015 likatunga Sheria ya Miamala ya Kielektroniki pamoja na Sheria ya Makosa ya Mtandao. Mfuatano huu ni muhimu: kwa miaka kadhaa mahakama ilikuwa mbele ya sheria iliyoandikwa, na mwanafunzi aliyesoma kitabu peke yake aliachwa nyuma.

Hatua ya pili iligusa utaratibu wenyewe. Kanuni za mwaka 2018 ziliruhusu nyaraka kuwasilishwa kwa njia ya kielektroniki, na kanuni za mwaka 2021 zikaratibu usikilizaji wa mashauri kwa mtandao, jambo lililokuwa limeharakishwa na janga la UVIKO-19. Sambamba na hayo, hukumu zilianza kuwekwa katika hifadhi ya TanzLII, inayosomwa bila malipo. Kabati la wakili mkongwe lilifunguliwa kwa kila mwenye simu. Usawa uliopatikana ni wa kweli, lakini thamani ya kuijua hukumu ilishuka, na thamani ya kuipima ikapanda.

4.0 Lango la Mafunzo ya Vitendo

Tangu miaka ya 1990 vyuo vinavyofundisha sheria viliongezeka, vya umma na vya binafsi, na idadi ya wahitimu ikaizidi nafasi ya dola kuwaajiri. Mwaka 2007 ilitungwa sheria iliyoanzisha Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, na mhitimu wa shahada akalazimika kupita hapo kabla ya kupokelewa kuwa wakili.

Uzito wa lango hilo ulionekana hadharani Oktoba 2022, matokeo yalipoonyesha kwamba kati ya wanafunzi 633 ni 26 tu waliofaulu moja kwa moja. 342 walitakiwa kurudia baadhi ya masomo na 265 waliondolewa. Serikali iliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza suala hilo. Mjadala uliofuata uligawanyika: wengine waliilaumu taasisi kwa ukali wa mitihani, wengine wakavilaumu vyuo kwa kuwatoa wahitimu wasioiva. Kwa mtazamo wa historia, pande zote mbili zilikuwa zikizungumzia jambo moja. Wingi wa nafasi za shahada na wingi wa hukumu mtandaoni havikuambatana na wingi wa walezi wa kazi. Maandishi yaliweza kunakiliwa bila gharama, malezi hayakuweza.

5.0 Lugha, Unukuzi na Akili Unde

Hapa ndipo historia ya teknolojia inapokutana na historia ya lugha. Kwa miongo mingi Mahakama za Mwanzo zilitumia Kiswahili, ilhali kumbukumbu na hukumu za mahakama za juu ziliandikwa kwa Kiingereza. Shahidi alisema kwa Kiswahili. Jaji au hakimu alisikiliza, akatafsiri kichwani, kisha akaandika kwa mkono. Kumbukumbu iliyopelekwa kwenye rufaa haikuwa maneno ya shahidi, bali tafsiri iliyofanywa papo hapo na mtu mmoja, bila nakala ya kulinganishia.

Mabadiliko ya Sheria ya Tafsiri za Sheria yaliyopitishwa mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, huku Kiingereza kikiruhusiwa pale maslahi ya haki yanapodai. Muda mfupi baadaye, katika miaka ya 2023 na 2024, Mahakama chini ya Jaji Mkuu Ibrahim Hamis Juma ilianza kutumia mfumo wa akili unde wa kunukuu na kutafsiri mwenendo wa mashauri. Kwa mara ya kwanza sauti ya shahidi iliweza kugeuka maandishi bila kupitia kalamu ya jaji.

Faida yake ni dhahiri, na hatari yake imo katika muundo wa Kiswahili chenyewe. Kati ya “nilimpiga” na “alimpiga” kuna tofauti ya kiambishi kimoja cha nafsi, lakini la kwanza ni ungamo na la pili ni ushahidi dhidi ya mtu mwingine. Neno “bila” likimezwa katika “kuua bila kukusudia”, kosa hubadilika, na adhabu pia. Kwa hiyo unukuzi wa mashine unahitaji msomaji mwenye sheria na lugha kwa pamoja.

Mashaka ya wanafunzi kwamba mashine itachukua kazi za kutafuta hukumu na kuandaa rasimu yana msingi. Hata hivyo, tukio la New York la Juni 2023, ambapo mawakili wawili na ofisi yao walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hukumu zilizobuniwa na ChatGPT, linaonyesha kwamba wajibu wa kuthibitisha hubaki kwa binadamu. Tatizo la Tanzania ni kwamba shahada ya sheria imeendelea kufundishwa kwa Kiingereza kwa kiasi kikubwa. Mhitimu anaijua dhana kwa lugha moja na anatakiwa kuithibitisha kwa lugha nyingine.

6.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba hofu ya ajira miongoni mwa wanafunzi wa sheria haikuanza na akili unde, wala haielezeki kwa idadi ya wahitimu peke yake. Kila zana iliyorahisisha kupata maandishi ilihamishia ugumu kwenye uamuzi: kupima hukumu, kuthibitisha kumbukumbu, kuchagua neno. Uamuzi huo ulifundishwa kupitia kazi ndogo za uanagenzi, na kazi hizo ndizo mashine inazozigusa kwanza. Ikiwa vyuo havitazirejesha darasani kwa makusudi, na kwa Kiswahili kinachotumika mahakamani, lango litahamia tena, na gharama yake haitamwangukia mhitimu peke yake. Itamwangukia pia mshtakiwa ambaye kiambishi kimoja katika maelezo yake kilinukuliwa vibaya, na hapakuwa na mtu wa kukigundua.