Nunda wa pwani, Shing'weng'we wa bara

Mtoto anaingia ndani mbio, amefumbata panzi mkononi. Mama, ndiye huyu Shing'weng'we? Mama anatikisa kichwa: huyo panzi tu, mwanangu. Siku nyingine analeta ndege. Siye. Siku nyingine tena analeta paa. Siye. Watoto wanaosikiliza wanacheka mpaka wanashika mbavu. Halafu kicheko kinaanza kupungua, maana kila mnyama anayeletwa ni mkubwa kuliko wa jana, na yule aliyemeza nchi nzima bado hajaonekana.

Hiyo ni hadithi ya Masala Kulangwa, inayojulikana sana kwa Wasukuma, jirani na ndugu wa Wanyamwezi. Shing'weng'we, zimwi lisiloshiba, limemeza watu na mifugo yao. Amesalia mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi ya nafaka. Mtoto anayezaliwa anaitwa Masala, yaani akili, na anapokua anauliza swali ambalo mtoto yeyote angeuliza: watu wengine wako wapi? Mwishowe analiua zimwi na kulipasua, na watu wanatoka wazima. Ila kisu kimemkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa humo ndani. Badala ya kushukuru, bibi anawaka kwa hasira na kutaka kulipiza kisasi. Hapo wasikilizaji wanaangua kicheko tena, japo damu bado mbichi.

Hadithi kama hiyo hukutana na nyingine katika kata kama Isevya, mjini Tabora, mji uliokusanya Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na watu wa asili ya pwani, na kila mmoja alikuja na zimwi la kwao. Ili kuelewa kukutana huko kwa mazimwi kuna uzito gani, inafaa kwenda kwanza Unguja.

Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, alichapisha London kitabu cha hadithi alizosimuliwa na watu wa Zanzibar, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili. Ndani yake mna hadithi ya Sultani Majnuni. Sultani ana paka. Paka anakula mifugo, watu wanalalamika, sultani anamtetea. Paka anahamia kwenye mikubwa zaidi, kisha kwenye watu, na sultani bado anamtetea, kwani paka ni wake. Siku paka anapowala wana wa sultani mwenyewe ndipo baba anapotambua kuwa huyo si paka tena, ni nunda mla watu.

Mwana wa mwisho, aliyezoea kukaa jikoni na kudharauliwa na wote, anaondoka kwenda kumtafuta nunda. Anaua mbwa, anamburuta hadi kwa mama yake huku akiimba ushindi. Mama anamjibu kwa wimbo kwamba siye. Anarudi porini. Mara hii punda milia, mara nyingine twiga, kisha tembo, na kila mara mama anamsihi aache, na kila mara jibu ni lile lile. Siye.

Msomaji ameshaona. Mtoto wa Usukuma na mtoto wa Unguja wanafanya jambo moja kwa namna moja, na aliyelibuni alikuwa fundi hasa. Kosa la mtoto linachekesha: anadhani panzi, au mbwa, ndiye aliyemaliza watu. Lakini kosa hilo hilo ndilo linalopima zimwi. Kama hata tembo siye, basi mwenyewe ana ukubwa gani? Msimulizi hana haja ya kueleza meno wala kucha. Kicheko ndicho kinachomlea woga.

Kati ya watoto hao wawili ilipita njia ya misafara. Ilianzia pwani karibu na Bagamoyo, ikafika Tabora, ikagawanyika kwenda Ujiji upande wa magharibi na Karagwe na Buganda upande wa kaskazini. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Tabora tarehe 7 Novemba 1857, baada ya kutembea kwa zaidi ya miezi minne. Wapagazi wengi wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi, na usiku wa kambi ni mrefu, moto mbele na fisi nyuma ya boma. Hadithi za zimwi linalomeza kijiji zimeenea kwa Wabantu hadi kusini mwa Afrika, kwa hiyo si lazima pwani iwe iliazima kwa bara au bara kwa pwani. Lakini mpagazi wa Unyamwezi aliyesikia habari za nunda huko Unguja bila shaka alitabasamu. Alikuwa anamjua.

Kutoka Zanzibar nunda alisafiri mbali. Mwaka 1901 Andrew Lang alimtia katika The Violet Fairy Book, mkusanyo wa hadithi kwa watoto wa Uingereza, na mwaka huo huo George Bateman akamtoa Chicago katika Zanzibar Tales. Watoto wa London na Chicago wakajifunika blanketi kwa ajili ya mnyama wa Kiswahili.

Tabora nayo iliingia kwenye vitabu vya vijana wa Ulaya, kwa njia chungu zaidi. Mwaka 1871, msafiri Henry Morton Stanley akiwa Unyanyembe, eneo la Tabora, mfanyabiashara Mwarabu alimpa mtoto mtumwa aliyeitwa Ndugu M'hali. Stanley akambadili jina akamwita Kalulu, akaenda naye Uingereza, na mwaka 1873 akatoa riwaya ya vijana iitwayo My Kalulu. Katika lugha kadhaa za Malawi na Zambia, kalulu ni sungura, yule mjanja wa hadithi zetu, anayeponyoka kila mtego. Mtoto huyo hakuponyoka. Alikufa maji mwaka 1877 katika maporomoko ya mto Kongo, katika safari ya Stanley.

Kwa Kiswahili, vitisho vilivyotungwa na waandishi vilichelewa, lakini vilikuja na watu wenye vipaji. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze cha mwaka 1952, alimwonyesha liwali mwema anayewapiga nyani wawili mijeledi kila usiku huku akilia, na msomaji hapumziki mpaka ajue nyani hao ni nani. Mwaka 1960 Muhammed Said Abdulla akatoa Mzimu wa Watu wa Kale, ambamo maiti inakutwa kwenye mzimu, kila mtu ananong'ona habari za mizuka, na mpelelezi Bwana Msa anakuja na kiko chake na akili yake. Kijana anayesoma vizuri anavimudu vyote viwili. Mtoto wa miaka tisa au kumi, aliyekwisha kujua kusoma na sasa anataka kitabu cha kumtoa jasho na kumchekesha, bado ana njaa.

Vitabu vingi anavyopewa vimemng'oa zimwi meno. Sungura anabaki, somo linabaki, lakini hakuna anayemezwa. Hilo ni kosa. Wazee hawakumficha mtoto tumbo la Shing'weng'we. Walimpa panzi kwanza, wakamwacha acheke, kisha wakampeleka taratibu hadi mlangoni pa zimwi, mkono kwa mkono.

Wasimulizi bado wapo, ila wanapungua. Mwalimu wa darasa la nne au la tano, Isevya na kwingineko Tabora, wape wanafunzi wako kazi moja ya likizo: kila mmoja aende kwa bibi au babu na daftari, aandike zimwi la kwao kama lilivyosimuliwa, pamoja na meno yake, nyimbo zake na sikio lililokatwa. Madaftari hayo yakirudi, msiyatupe. Yafungeni pamoja, yawe kitabu cha kwanza katika kabati la shule.