Mhimili Uzungukao Chini ya Gari

Msomaji, inama utazame chini ya lori lolote la mizigo lipandalo vilima vya Kisii na Nyamira. Utaona mhimili mrefu wa chuma utokao kwenye giaboksi hadi magurudumu ya nyuma. Mafundi wetu huuita propela, ingawa hausukumi maji wala upepo. Kazi yake ni kupeleka mzunguko wa injini nyuma.

Magari mengi ya mwanzo yalivutwa kwa minyororo, kama baiskeli. Minyororo ilipiga kelele, ikala vumbi, ikakatika. Mwishoni mwa mwaka 1898 Mfaransa Louis Renault alitoa kigari chenye mhimili badala ya mnyororo, akakipandisha nacho kilima kikali cha mjini Paris mbele ya rafiki zake. Mwaka 1903 Mmarekani Clarence Spicer akapata hataza ya kiungo kiuwezeshacho mhimili kuendelea kuzunguka hata magurudumu yakipanda na kushuka mashimoni.

Hapa kwetu Afrika Mashariki nguvu ilitangulia wepesi. Katika Peugeot 404 mhimili ulifichwa ndani ya bomba la chuma, mawe na matope yasiufikie. Bomba lile liliongeza uzito, lakini kwa barabara za udongo uzito huo haukuwa hasara. Katika mashindano ya Safari ya 1963 magari 84 yalianza, 7 tu yakamaliza, na la kwanza lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Gari hilo lilishinda tena mwaka 1966, 1967 na 1968.

Wapenda mbio walitaka zaidi. Sentimita moja ya ujazo ya chuma cha pua au cha kawaida ina uzito wa gramu 7.8 hivi, ya alumini 2.7, ya nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi, 1.6 tu. Lakini uzito si jambo pekee. Mhimili mrefu ukizungushwa kasi kupita kiasi huyumba katikati, kama kamba ya kuruka waizungushayo watoto, na mwisho hukatika. Alumini ni nyepesi mara tatu kuliko chuma, lakini pia ukakamavu wake ni theluthi tu. Basi bomba la vipimo vilevile huanza kuyumba karibu na kasi ileile. Kaboni ni nyepesi na kakamavu pamoja. Ndiyo sababu mwaka 1985 gari la Ford Econoline lilipewa mhimili mmoja wa namna hiyo mahali pa miwili ya chuma iliyounganishwa, na baadaye Nissan 350Z ikapewa wake.

Mimi naona sifa zake zimetiwa chumvi. Mhimili ni mwembamba, uzito wake uko karibu na kitovu cha mzunguko. Kilo moja ikipunguzwa kwenye ukingo wa gurudumu huleta faida kubwa zaidi. Tena kaboni ikipigwa na jiwe haibonyei kama chuma, bali hupata ufa.

Sasa itazame Toyota Probox, iliyoanza kuundwa mwaka 1990 na kitu? La, ni mwaka 2002, nayo leo hubeba abiria kati ya Kisii, Keroka na Nyamira. Ile ya kawaida huvutwa kwa magurudumu ya mbele, kwa hiyo mhimili mrefu haupo kabisa. Hakuna kaboni iwezayo kuushinda wepesi huo. Mahali pake pana mihimili miwili mifupi, yenye viungo vilivyofunikwa kwa mpira. Mpira ukichanika, grisi hutoka, mchanga huingia, na kiungo huliwa upesi.

Liko na la hatari zaidi. Gari hilo lina viti vya watu watano, lakini mara nyingi hujazwa hata buti. Likipanda kilima, uzito wote hulalia nyuma, na magurudumu ya mbele hubaki mepesi. Mvua ikinyesha juu ya udongo, huteleza. Na kwa kuwa magurudumu yavutayo ndiyo yaelekezayo, dereva hupoteza mvuto na usukani kwa wakati mmoja.