Wilco na Albamu Iliyokataliwa

Katikati ya mwaka 2001, bendi ya Wilco ya Chicago iliipelekea kampuni ya Reprise albamu mpya, Yankee Hotel Foxtrot, iliyorekodiwa kwenye studio ya bendi yenyewe, The Loft. Wakubwa wa Reprise waliisikiliza wakaikataa. Hawakuona wimbo wa kuuzika redioni. Bendi ikaondoka na kanda zake.

Wilco ilitokana na Uncle Tupelo, vijana wa Belleville, Illinois, waliochanganya muziki wa kantri wa zamani na ukali wa panki. Albamu yao ya kwanza, No Depression ya mwaka 1990, ndiyo iliyolipa jina jarida la mashabiki wa kantri mbadala lililoanza mwaka 1995. Uncle Tupelo ilivunjika mwaka 1994, na Jeff Tweedy akaunda Wilco na wenzake waliobaki.

Tarehe 18 Septemba 2001, bendi iliiweka albamu nzima kwenye tovuti yake, watu waisikilize bure. Walipotoka kwenda kupiga maonyesho, wakakuta mashabiki wanaimba nao nyimbo ambazo hazijafika dukani. Kampuni kadhaa zikaanza kuigombea, na Nonesuch ikaitoa tarehe 23 Aprili 2002. Nonesuch na Reprise zote zilikuwa za Warner. Kampuni mama ikawa imeilipia kazi moja mara mbili. Albamu iliingia chati ya Billboard katika nafasi ya 13, ya juu kuliko zote ambazo Wilco ilikuwa imefikia.

Wahakiki waliipokea kwa shangwe. Pitchfork iliipa alama 10 kwa 10, na albamu ikaongoza kura ya mwaka huo ya wahakiki ya gazeti la Village Voice.

Wengi husimulia mkasa huu wa kukataliwa kana kwamba ndio uliozaa sifa zote. Uliisaidia albamu, hilo halina ubishi, lakini sifa ziliihusu kazi yenyewe. Ukiondoa kelele za redio, kengele na ngoma za Glenn Kotche zisizotabirika, unabaki na nyimbo za gitaa na sauti ya mtu mpweke, yaani kantri hasa. Wimbo "Poor Places" unamalizikia kwa sauti ya mwanamke anayerudia maneno ya jina la albamu, iliyonaswa kutoka stesheni ya masafa mafupi ya aina inayoaminika kutumiwa na majasusi. Inatisha, na bado wimbo ulio chini yake ni mpole.

Jay Bennett, aliyetunga nyimbo nyingi pamoja na Tweedy, anastahili sehemu kubwa zaidi ya sifa hizo kuliko anayopewa kwa kawaida. Walikosana wakati wa kuchanganya sauti, kazi iliyokabidhiwa Jim O'Rourke aliyepunguza tabaka nyingi za ala, na Bennett akaondolewa kabla albamu haijatoka. Filamu ya Sam Jones ya mwaka 2002 kuhusu utengenezaji wa albamu hiyo inaonyesha ugomvi huo waziwazi.

Heshima ya albamu imeendelea kupanda. Katika orodha ya Rolling Stone ya albamu 500 bora, mwaka 2012 ilikuwa ya 493; mwaka 2020 ikawa ya 225. Mwaka 2023 toleo lake la miaka 20 lilishinda Grammy ya albamu bora ya kihistoria.