Tarehe ya Kababu Isiyo na Nyama

Wako watu wanaodhani kwamba kababu ya mboga na nafaka, ile inayotiwa katikati ya mkate wa duara na kuliwa kwa mikono miwili, na ambayo leo mzazi aliyerudi kazini amechoka huiunda upesi jioni ili watoto wale kabla ya kulala, ni uzushi wa juzi wa vijana wa Ulaya na Marekani wenye nafasi ya kuchagua chakula. Dhana hiyo ina sehemu yake ya ukweli, kwa kuwa jina la baga na mkate wake havina umri mkubwa. Walakini kitu chenyewe, yaani donge la kunde au nafaka lililosagwa, likakolezwa viungo, likabanwa kwa kiganja na kutiwa katika mafuta ya moto, ni kikongwe kuliko baga ya nyama, na aghalabu lilizuka kwa haja nzito: mfungo, maradhi, vita, au chungu chenye salio la jana.

Ili kuifahamu tarehe hii yatupasa kwanza kutambua jambo moja la jikoni ambalo waandishi wengi hulipita kwa haraka. Baga ya nyama, ambayo asili yake ilifika Marekani pamoja na wahajiri wa Kijerumani katika karne ya 19, na ambayo tangu duka la White Castle lilipofunguliwa Wichita, Kansas, mwaka 1921 ilishika njia ya kuwa chakula cha haraka cha taifa lile, haihitaji gundi: nyama iliyosagwa na kutiwa chumvi hunata yenyewe kwa protini zake, na ikipata moto hugandamana. Mwondoe ng'ombe katika kababu, na papo hapo swali laibuka: ni nini kitakachozishika pamoja punje hizi na majani haya yasimomonyoke kikaangoni? Nionavyo mimi, tarehe nzima ya kababu isiyo na nyama ni tarehe ya majawabu ya swali hilo, na kila jawabu lilitegemea kile kilichokuwamo ghalani.

Misri ndipo pa kuanzia. Wakristo wa Kikopti hufunga zaidi ya siku 200 katika mwaka, na katika mifungo hiyo hawali nyama, wala maziwa, wala mayai; na Wamisri wengi husimulia kwamba wao ndio waliotangulia kuunda taamiya, masimulizi yasiyo na hati ya kuyathibitisha lakini yasiyopingana na akili. Taamiya ni fuli, yaani maharage mapana ya nchi ile, yaliyorowekwa usiku kucha na kupondwa yangali mabichi pamoja na kitunguu thomu, kotmiri na giligilani, yakafanywa visahani na kukaangwa. Hekima yake yote imo katika neno hilo, mabichi. Harage lililochemshwa wanga wake umekwisha kuiva na hauna nguvu ya kushika, lakini lililorowekwa tu huingia mafutani na wanga mbichi, nao huvimba na kunata humo humo katika joto, hata kababu ikasimama pasipo yai wala unga. Waislamu na Wakristo wa Misri wote huila, asubuhi na jioni, na tajiri haioni kuwa ni ya maskini.

Pwani yetu ilifika kwenye jawabu lilo hilo kwa njia nyingine. Uislamu haukatazi nyama iliyochinjwa kwa sheria, na saumu ya Ramadhani hupima saa za kula, haipimi aina ya chakula. Kwa hiyo bajia hazikuzaliwa na katazo la Waswahili wenyewe. Upishi wake ulikuja na wafanyabiashara wa Bara Hindi, ambao miongoni mwao Mabanyani hawakutia nyama kinywani. Na hawa hawakuwa wanyonge katika nchi, kwani nyumba ya Jairam Shivji, Mbhatia wa Kutch, ndiyo iliyokodi forodha ya Unguja kwa miaka mingi tangu zama za Sayyid Said. Wao walikuwa na dengu zao; mpwani akatia kunde, ambazo ni zao la Afrika hii hii, akaziroweka, akazisugua majini mpaka maganda yakaelea, akazisaga mbichi, akazipiga kwa mkono hata zikaingia hewa, akachanganya kitunguu na pilipili, akazikaanga. Mtu akipachika bajia mbili za kunde ndani ya mkate wa bofulo, amekwisha kuwa na baga ya mboga mkononi, ingawa hakuna aliyefikiri kuiita hivyo.

Jawabu la pili lilitoka mahali pasipotarajiwa, mji wa Battle Creek katika jimbo la Michigan. Huko, mwaka 1863, ndiko lilikopangwa rasmi Kanisa la Waadventista Wasabato, na mwezi Juni mwaka huo huo Ellen White, ambaye wafuasi wake wamhesabu kuwa nabii, alipata maono juu ya siha, na katika mafunzo aliyoyatoa kwayo mlikuwamo shauri la kuiacha nyama. Mwaka 1866 wakafungua nyumba ya tiba, na mwaka 1876 wakaikabidhi kwa tabibu wa miaka 24, John Harvey Kellogg, mtu mfupi wa kimo na mrefu wa maneno. Kellogg aliamini kwamba nyama huoza tumboni na kuutia mwili sumu, itikadi ambayo elimu ya leo haiikubali kwa namna alivyoieleza. Lakini aliwahi kuona jambo ambalo wahubiri wa afya wengi hulisahau, kwamba kumwambia mtu aliyezoea nyama asubuhi na jioni aiache, pasipo kumpa badali ya kutafuna, ni kumfukuza. Wagonjwa wake walikuwa watu wenye mali, nao wangeweza kuondoka.

Basi mwishoni mwa karne ile jikoni za Battle Creek zikatoa vyakula vya makopo, Nuttose ya karanga na baada yake Protose, iliyochanganya karanga na gluteni, ile protini ya ngano inayobaki mkononi mtu akilikanda donge la unga ndani ya maji mpaka wanga wote utoke. Gluteni ilikuwa maarifa ya kale ya Uchina, ambako watawa wa Kibudha waliitumia kwa karne nyingi mahali pa nyama. Kellogg aliitia kopo na kuiuza kwa posta. Mgonjwa aliikata vipande, akaikaanga au kuioka, na ilishikamana vyema mno, ingawa ladha yake ilikuwa na wachache wa kuisifu. Sifa za kazi hii zimemwendea tabibu peke yake, na hilo si adili, kwa sababu mkewe, Ella Eaton Kellogg, ndiye aliyesimamia jiko la majaribio na kuandika mwaka 1892 kitabu kikubwa cha upishi, Science in the Kitchen, na yeyote aliyepata kupika ajua kwamba chakula hakitengenezwi kwa hotuba.

Yaliyofuata ni magomvi. Ndugu mdogo wa tabibu, Will Keith, alianzisha mwaka 1906 kampuni yake ya chengachenga za mahindi, wakapelekana mahakamani. Na mwaka 1907 kanisa likamtoa tabibu katika ushirika wake. Kanisa lenyewe lilikuwa limekwisha kufika kwetu, Upare mwaka 1903 na Gendia kando ya Ziwa Viktoria mwaka 1906, ingawa makopo ya Protose hayakuwa na la kuwafunza watu waliokwisha kujua kushiba kwa makande.

Vita vilileta jawabu la tatu, lenye uchungu zaidi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mji wa Cologne ulipobanwa na njaa, Konrad Adenauer, aliyekuwa katika uongozi wa mji na ambaye mwaka 1949 angekuwa Chansela wa kwanza wa Ujerumani Magharibi, alibuni mkate wa mahindi, shayiri na mchele, kisha soseji ya unga wa soya. Serikali ya nchi yake ilimnyima hataza, kwa hoja kwamba kisicho na nyama hakiwezi kuitwa soseji. Na Uingereza, iliyokuwa adui yake, ikampa hataza hiyo mwezi Juni 1918, vita vikiwa havijaisha. Makarani ni makarani hata risasi zikilia. Katika vita vya pili Waingereza nao walikula kwa kipimo, na nyama ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuachiwa huru, tarehe 4 Julai 1954. Si ajabu kwamba kwa watu wa rika lile kababu ya maharage ilinuka dhiki, na kumwandalia mgeni ilikuwa kama kumwonyesha kibubu kitupu.

Ndiyo maana ilibidi wana wa rika lililofuata, wasioujua mgawo wa nyama, waifufue. London, Gregory Sams, aliyekuwa ameendesha mgahawa pamoja na nduguye Craig, alitoa mwaka 1982 mchanganyiko mkavu alioupa jina VegeBurger, ambao mpishi aliukoroga na maji nyumbani kwake, akaufinyanga na kuukaanga. Natamani wenye viwanda wangalibaki hapo, maana unga ule ulimwachia mwenye jiko sehemu ya kazi.

Huko Gresham, karibu na Portland katika jimbo la Oregon, Paul Wenner alikuwa na mgahawa uliopika mboga tupu, na kama kila mgahawa ulibakiza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alianza kuyachanganya masalio ya wali na mboga, akayaoka kama mkate, akaukata vipande na kuvikaanga. Wali wa mchele usiokobolewa, uyoga, kitunguu, shayiri bapa na jibini: jibini liliyeyuka na kushika, shayiri ikanywa maji ya uyoga, na swali letu la kale likapata jawabu lililotoka katika kapu la jana. Mgahawa ulifungwa, kababu ikabaki. Mwaka 1985 Wenner aliunda kampuni ya kuiuza iliyogandishwa kwa barafu, kwa jina la Gardenburger, na mwezi Mei 1998 kampuni hiyo ililipa zaidi ya dola milioni moja kwa tangazo la nusu dakika katika kipindi cha mwisho cha mchezo wa televisheni uitwao Seinfeld. Mwaka 2005 ilifilisika. Mwaka 2007 ikanunuliwa na kampuni ya Kellogg ya Battle Creek, ile ile ya Will Keith, ambayo mwaka 1999 ilikuwa imekwisha kuinunua Worthington, kampuni ya vyakula visivyo na nyama iliyoasisiwa na Wasabato huko Ohio. Basi mali aliyoianza ndugu mkubwa ikarudi mjini kwake kupitia sanduku la ndugu aliyemshitaki.

Wauzaji wakubwa wa baga hawakubaki nyuma. McDonald's ilipofungua India mwaka 1996 iliiacha kabisa nyama ya ng'ombe, na ikaja kuweka kababu ya viazi, na mwaka 2001 ikaiuzia Misri taamiya, kwa watu walioipata kila pembe ya mtaa kwa bei ndogo zaidi. Kababu za viwandani zilizotoka baadaye, zinazojitahidi kufanana na nyama hata kwa rangi, nyingi hushikwa na methiliselulosi, kitu cha maabara kilicho na tabia ya kuganda kikipata joto na kulegea kikipoa. Na aghalabu hutiwa chumvi nyingi.

Mpishi wa nyumbani hana haja navyo. Maharage aliyobakisha mchana yameiva, kwa hiyo wanga wake hautamsaidia sana, na hapo ndipo wengi hushindwa, wakiyaponda pamoja na karoti iliyoparuzwa yenye maji yake yote, kisha wakishangaa kababu ikigeuka uji. Maharage huchujwa na kukaushwa kidogo juu ya moto. Karoti hukamuliwa kwa kitambaa. Chenga za mkate mkavu au shayiri bapa hutiwa kiasi cha kunywa unyevu uliobaki, na yai moja kwa anayelila. Donge hupondwa nusu, ili punje nyingine zibaki nzima mdomoni, likapumzishwa mahali pa baridi kwa nusu saa, muda unaotosha kukata kachumbari, kisha likafinyangwa si nene kupita kidole na kukaangwa kwa mafuta machache katika chuma kilichokwisha kupata moto, nalo haligeuzwi mpaka upande wa chini uwe umeshika.