Historia ya Turbo: Walioruka Hatua Walilia

Leo tuweke pembeni habari za nani kaachana na nani, tuongee magari. Najua humu ndani kuna watu wa Subaru, kuna watu wa Mark II, na kuna wale ambao gari hawana ila wakisikia ule mlio wa "pssshhh" unapita barabarani lazima shingo igeuke. Hii ni ya kwenu wote.

Kuna jamaa yangu mmoja, jina naliacha. Alijichanga miaka miwili akanunua Impreza WRX ya mtumba. Gari tamu, haina shida. Mwezi wa pili tu akaipeleka kwa fundi akaongezewa bosti, yaani ule mgandamizo wa hewa ambao turbo inausukuma kuingia kwenye injini. Injini haikupimwa, pampu ya mafuta ni ileile, kontroboksi haikuguswa. Wiki tatu alikuwa mfalme wa mtaa. Wiki ya nne pistoni ikatoboka, injini ikanoki. Hela ya miaka miwili ikawa chuma chakavu.

Sasa juzi kanipigia. Kapata injini nyingine na anataka kuanza upya, ila safari hii aanze na turbo kubwa kabisa ili "amalize mchezo". Nikamwambia kaka subiri kwanza. Nimekaa nikasoma historia ya hii kitu, na nilichokiona ni kwamba kosa lake si lake peke yake. Hata kampuni kubwa zenye mainjinia wa kila aina zimepita humo humo.

Wazo la Mswisi

Mwaka 1905 injinia wa Uswisi anaitwa Alfred Büchi alisajili hataza ya wazo ambalo ukilisikia unajiuliza mbona mtu hakuliwaza mapema. Moshi unaotoka kwenye injini una nguvu inayopotea bure. Kwa nini usizungushe feni, halafu feni hiyo izungushe nyingine inayosukuma hewa kurudi ndani ya injini? Hapo ndipo turbo ilipozaliwa.

Shika hili, maana mengine yote yanatoka hapa: turbo inaleta hewa tu. Nguvu inatokana na hewa ikikutana na mafuta ya kutosha na kuungua kwa wakati wake. Hewa ikizidi na mafuta yakabaki yaleyale, joto linapanda, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati, na pistoni inapigwa nyundo ikiwa bado inapanda. Hicho ndicho kilichompata jamaa yangu.

Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alipandisha injini ya ndege mpaka kilele cha mlima Pikes Peak, zaidi ya mita 4,000 juu. Huko hewa ni nyepesi, injini za kawaida zinakosa pumzi. Alipoifunga turbo, nguvu zikarudi kama vile iko chini usawa wa bahari. Watu wa Nairobi mnajua naongea nini, mko kama mita 1,700 juu, na gari isiyo na turbo huko haina ule mwepesi ilionao Mombasa au Dar.

Gari iliyohitaji maji yake

Mwaka 1962 Marekani walitoa magari mawili ya kwanza ya turbo ya kuuzwa kwa watu wa kawaida: Chevrolet Corvair Monza Spyder na Oldsmobile Jetfire. Hiyo Jetfire ndiyo yenye stori.

Injini yake ilikuwa ya lita 3.5 na ilitoa nguvu farasi 215, kitu kikubwa sana kwa wakati ule. Tatizo, mgandamizo wa ndani ya silinda ulikuwa mkubwa tayari hata kabla ya turbo kuongeza wake. Ili isigonge, mainjinia waliweka tangi dogo la maji yaliyochanganywa na methanoli, yanapulizwa ndani kupoza moto. Kwenye karatasi ni akili kubwa. Lakini wenye magari walisahau kujaza lile tangi. Likikauka, gari inajibana yenyewe, nguvu zinapotea, watu wanalalamika. Mwishowe kampuni ikawa inawatolea wateja turbo na kuwafungia kabureta ya kawaida. Mwaka 1963 Jetfire ikaisha, hata magari 10,000 hayakufika.

Unaona? Teknolojia ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuihudumia.

Birika la njano

Mwaka 1977 Renault waliingiza turbo kwenye Formula One. Gari ilikuwa ya njano na ilizoea kufa huku inafuka moshi, Waingereza wakaibatiza jina la birika la njano. Mbio yake ya kwanza Silverstone haikumaliza, turbo ilikufa. Watu walicheka sana.

Renault hawakubishana na mtu. Walirudi wakarekebisha kitu kimoja baada ya kingine. Walihama kutoka turbo moja kubwa kwenda mbili ndogo ili ziitike haraka. Julai 1979, huko Dijon, Ufaransa, dereva wao Jean-Pierre Jabouille akashinda. Miaka miwili ya kuchekwa. Baada ya hapo wale waliocheka nao wakaanza kutafuta turbo.

Kiwandani nako wanaenda kwa steji

Angalia Porsche. 911 Turbo ya 1975 ilikuwa na lita 3.0 na nguvu farasi 260. Mwaka 1978 wakapanda hadi 300. Walifanyaje? Injini ikakuzwa kuwa lita 3.3, wakaongeza intakula, ile rejeta inayopoza hewa iliyobanwa na turbo kabla haijaingia kwenye injini. Na hapo hapo wakaweka breki mpya zilizotokana na gari lao la mashindano, 917. Kwa farasi 40 tu za nyongeza, wao walibadilisha na breki. Wewe umeongeza ngapi na breki zako ni zilezile za kuja nazo?

Saab wa Sweden walikwenda njia nyingine. Turbo yao ya mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa ndogo, yenye kijilango cha kuachia moshi ili bosti isipitilize, nguvu zinakuja mapema hata ukiwa kwenye foleni. Miaka ya mwanzo ya 1980 wakaongeza kifaa ambacho ni kama sikio kwenye injini. Kikisikia injini inaanza kugonga, kinashusha bosti chenyewe. Sikio kama hilo lipo mpaka leo kwenye magari mengi ya turbo, na linafanya kazi kimya kimya kuokoa hela za watu wabishi.

Halafu Subaru, maana najua ndio mlikuwa mnawasubiri. Impreza WRX ilitoka 1992 na nguvu farasi 240 kwenye lita mbili. Toleo la STI lilifika 280 mwaka 1996, na hapo ndipo viwanda vya Japani vilipokubaliana kuishia mpaka 2004. Miaka minne kutoka 240 mpaka 280, wakiwa na maabara na mainjinia. Jamaa yangu alitaka kufika huko mchana mmoja.

Na kitu kingine: zile za Japani zilipangwa kunywa petroli ya kule yenye oktani 100 hivi. Ya vituoni kwetu iko chini ya hapo. Kwa hiyo ukiongeza bosti huku, umeanza ukiwa nyuma tayari.

Hata kwenye mashindano, sheria zilibana mdomo wa turbo uwe milimita 34 tu, ila Subaru hizo hizo zilishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1997 na Colin McRae na mwaka 2000 na Richard Burns. Ile ni mbio ya vumbi, mawe na mito. Walifunga bomba la kuvutia hewa juu juu ili injini isinywe maji. Anayeshinda Safari ni yule ambaye gari yake inafika.

Sasa panga hivi

Hakuna kipimo rasmi cha dunia kinachosema steji hii ni hivi na ile ni vile, kila fundi ana zake. Lakini mpangilio wenyewe ni huu.

Steji sifuri: afya. Pima kompresheni ya kila silinda, badilisha oili na plagi, tafuta mipira inayovujisha hewa, angalia rejeta, breki na tairi. Silinda moja ikionyesha tofauti kubwa na wenzake, simama hapo. Hela yako iende kwenye kurekebisha.

Steji ya kwanza: geji ya bosti na kipimo cha mchanganyiko wa hewa na mafuta, halafu programu ya kontroboksi ipangwe upya kwa petroli unayoweka kila siku.

Steji ya pili: ekzosi pana kuanzia kwenye turbo, na intakula kubwa. Programu inapangwa tena.

Steji ya tatu: pampu ya mafuta, nozeli kubwa na klachi ngumu ndiyo vinatangulia. Ukitaka kwenda mbali sana, na pistoni za kufuliwa. Turbo kubwa inakuja mwisho wa yote, na programu inapangwa tena.

Kati ya steji na steji, endesha gari miezi kadhaa. Gari itakuambia yenyewe kama iko tayari.

Na kama hela inatosha steji sifuri tu, fanya hiyo. WRX nzima, yenye bosti yake ya kiwandani, inawapita wengi barabarani kuliko ile iliyolala gereji bila injini.

Nimemsomea jamaa yangu hii yote kwenye simu. Akakaa kimya, halafu akauliza: "Kwa hiyo ile turbo kubwa ndio ya mwisho kabisa?"

Ndio kaka. Ya mwisho kabisa. Jumamosi tunakwenda kupima kompresheni.

Wewe je, ulianzia wapi na yako, na injini ya ngapi hiyo? Tupia komenti hapo chini, tusicheke peke yetu.