Upanuzi wa Shule ya Msingi ya Gando

Jengo la madarasa lililokamilika mwaka 2008 kijijini Gando, Burkina Faso, kazi ya msanifu majengo Diébédo Francis Kéré, mzaliwa wa hapo. Jengo la kwanza, la mwaka 2001, lilipata Tuzo ya Aga Khan mwaka 2004, lakini wanafunzi walizidi nafasi. Kuta za nyongeza ni za aina ileile: matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Ubunifu uko darini. Badala ya dari bapa kuna tao la matofali lenye mianya. Hewa ya joto hupanda ikatokea humo, na ya nje ikaingia madirishani. Mabati yameinuliwa juu ya tao kwa kenchi za nondo, kwani bati likilalia dari, darasa hugeuka tanuri. Wanakijiji walishiriki ujenzi.