Kambi ya watalii kwa Wahadzabe: unaanzia wapi?

Wadau, kuna wanaoniuliza: nikitaka kufungua kambi ndogo ya watalii Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, naanzia wapi? Mimi nawaambia anzeni kijijini. Usimalizane na mzee mmoja kwa soda na posho. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, Halmashauri ya Kijiji haiwezi kukugawia ardhi mpaka Mkutano Mkuu wa Kijiji uridhie.

Halafu usione hakuna mashamba ukadhani pori halina mwenyewe. Humo Wahadzabe wanapata mizizi, asali na nyama, na mwaka 2011 walipewa hati ya kimila ya pamoja.

Mgao wa mapato uandikwe. Ajira waanze wao, akina mama wakiwemo. Picha, omba kwanza. Wakikataa, washukuru uondoke.

Mwenye nyongeza aweke hapa chini.